Miaka 15 kwa Soto, miwili kwa beki wa kwetu: goti likivunjika, analipa nani?

Desemba 2024 New York Mets walipomsajili Juan Soto kwa miaka 15 na dola milioni 765, nyumbani habari ilipokewa kwa kicheko. Karibu shilingi trilioni mbili za Tanzania kwa kijana wa miaka 26 ambaye kazi yake ni kupiga mpira kwa gongo, tena hadi atakapofika miaka 40! Kicheko nakielewa. Kwa aliyezoea Ligi Kuu Bara, ambako mkataba wa miaka miwili ni wa kawaida na wa mitatu ni wa kutambia, miaka 15 inasikika kama mzaha.

Ila sisi tunaoishi Marekani na kuufuatilia mchezo huu tunaona watu wanachekea pasipo. Urefu wa mkataba ndiyo sehemu isiyotisha sana. Kinachotisha ni kwamba pesa zote zimehakikishwa. Mchezaji akivunjika, akizeeka ghafla, akikaa benchi miaka sita, klabu italipa mpaka senti ya mwisho. Na hapo ndipo nyumbani pangekuwa na la kujifunza, kama tungeacha kushangaa tarakimu.

Kwanza tuelewe jinsi mchezaji anavyofika sokoni. Katika ligi kuu ya besiboli, MLB, hauwi huru kwa sababu mkataba wa kwanza umeisha. Lazima utimize miaka sita ya utumishi, na mwaka mmoja unahesabiwa ukifikisha siku 172 kwenye kikosi cha juu au kwenye orodha ya majeruhi. Miaka mitatu ya mwanzo unalipwa karibu na kima cha chini (dola 760,000 kwa msimu wa 2025), na mitatu inayofuata mkishindwa kuelewana mshahara unaamuliwa na wasuluhishi. Klabu nazo zinajua kuhesabu siku. Chipukizi anaachwa ligi za chini wiki mbili tatu mwanzoni mwa msimu, mwaka wake hautimii, na klabu inajipatia mwaka wa saba kwa bei ya chee. Kris Bryant wa Chicago Cubs alifikisha siku 171 mwaka 2015. Pungufu ya siku moja! Alilalamika, akashindwa. Alipofika sokoni alikuwa na miaka 30, Colorado wakampa miaka saba na dola milioni 182, na mgongo ukamkatalia karibu tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo wengi wanauzwa wakiwa na miaka 28 hadi 31, wakati kilele cha mpigaji huwa kati ya 26 na 29. Klabu inanunua ncha ya mwisho ya ubora na mteremko wote unaofuata. Soto ni wa pekee kwa sababu aliingia ligi kuu akiwa na miaka 19, akafika sokoni bado kijana. Bryce Harper alikuwa hivyo pia Philadelphia walipompa miaka 13 na dola milioni 330 mwaka 2019.

Wakurugenzi wa klabu wanaujua mteremko huo, na hesabu yao si siri. Kipimo kinachotumika ni idadi ya ushindi ambao mchezaji anaiongezea timu kwa msimu, ukimlinganisha na mbadala wa kawaida wa kutoka ligi za chini. Tuseme mpigaji wa miaka 30 analeta ushindi 5 mwaka wa kwanza, kisha anapungukiwa nusu ya ushindi mmoja kila mwaka. Kwa miaka kumi ataleta 27.5. Ukimlipa dola milioni 240, yaani 24 kwa mwaka, miaka mitano ya mwanzo inakupa ushindi 20 kwa dola milioni 6 kila mmoja. Mitano ya mwisho inakupa 7.5 kwa milioni 16 kila mmoja. Ukiitazama miaka ile ya mwisho peke yake, ni wizi. Ukiitazama yote pamoja, ni kama milioni 8.7 kwa ushindi mmoja, bei inayostahimilika sokoni. Halafu ondoa mwaka mmoja mzima kwa jeraha, tuseme wa tatu: unabaki na 23.5, na bei inapanda hadi zaidi ya milioni 10. Mwaka mmoja tu wa kuuguza mguu unatosha kuugeuza mkataba mzuri kuwa mbaya.

Mbona basi wasimpe miaka sita yenye pesa nene? Sababu kubwa ni kodi. Klabu ikivuka kiwango cha mishahara (dola milioni 241 kwa 2025) inatozwa kwa kila dola ya ziada: asilimia 20 mara ya kwanza, 30 mara ya pili mfululizo, 50 kuanzia ya tatu, na nyongeza juu yake kwa anayevuka kwa mbali. Kinachohesabiwa ni wastani wa mkataba kwa mwaka. Trea Turner alipewa na Philadelphia dola milioni 300 kwa miaka 11, wastani wa milioni 27.3. Pesa hizo hizo kwa miaka minane zingekuwa milioni 37.5. Miaka mitatu ya mkiani imenunua nafasi ya milioni kumi kila msimu. Shohei Ohtani na Dodgers walikwenda mbali zaidi: katika dola milioni 700 za miaka kumi, 680 zitalipwa kati ya 2034 na 2043 bila riba, na kwa hesabu ya kodi mkataba unasomeka kama milioni 46 hivi kwa mwaka.

Hapa ndipo akili ya Marekani inapoachana na yetu. Huku nyumba inanunuliwa kwa mkopo wa miaka 30 na mtu analala usingizi. Kwetu unajenga tofali kwa tofali, ukikwama unasubiri, lakini huna deni la mtu. Mkataba wa miaka 11 ni ule mkopo wa nyumba.

Kuna hatari ya umri na kuna hatari ya mwili, na watu wanazichanganya. Ya umri inaonekana toka mbali. Albert Pujols alipiga homrani 445 (mipira ya kutoka nje ya uwanja) katika misimu 11 na St. Louis, klabu ya Angels ikampa miaka kumi na dola milioni 240 mwishoni mwa 2011, akawapigia 222 huku wastani wake wa kupiga ukiporomoka kutoka .328 hadi .256. Walimwachia Mei 2021, mwaka wa mwisho wa mkataba. Iliuma, ila hakuna aliyeshangaa. Kilichoshangaza ni kasi ya mteremko, hasa miguu: mpigaji mzito anapoacha kukimbia, kila mpira wa chini anaoupiga unamfanya atolewe kirahisi.

Ya mwili haibishi hodi. Desemba 2019 Washington walimpa mrushaji Stephen Strasburg miaka saba na dola milioni 245, wiki chache baada ya kuwa mchezaji bora wa fainali za ubingwa. Baada ya hapo alianza mechi nane tu. Mishipa ya fahamu na ya damu inayopita kati ya mfupa wa mtulinga na ubavu wa kwanza ilikuwa inabanwa. Mkono unakufa ganzi, vidole vinapoteza hisia, na mrushaji asiyeusikia mpira vidoleni hana kazi. Tiba ni kuukata ubavu huo na kuutoa. Walimfanyia 2021, akarudi kwa mechi moja Juni 2022, ikawa basi. Desemba hiyo hiyo ya 2019, Angels walimpa mpigaji Anthony Rendon miaka saba na kiasi kile kile, milioni 245. Kuanzia 2021 hadi 2024 hakuwahi kufikisha mechi 60 katika msimu wa mechi 162.

Ukiniuliza mimi, miaka saba kwa mrushaji inatisha kuliko 12 kwa mpigaji kijana. Lakini hata hilo lina mwenzake: Max Scherzer alipewa na Washington hao hao miaka saba na milioni 210 mwanzoni mwa 2015, akiwa na miaka 30, akawaletea tuzo mbili za mrushaji bora na ubingwa wa 2019. Bega ni lile lile la binadamu.

Ndiyo maana vipimo vya afya ni vita kamili. Desemba 2022 Carlos Correa alikubaliana na San Francisco miaka 13, dola milioni 350. Siku ya kumtambulisha kwa waandishi, shughuli ikaahirishwa: madaktari hawakuupenda mguu wake wa kulia, wenye bamba la chuma tangu alipovunjika 2014 akiwa ligi za chini. Mets wakaja na miaka 12, milioni 315. Madaktari wao wakaona kile kile. Mwishowe alirudi Minnesota kwa miaka sita na milioni 200 za uhakika. Bamba moja lilimgharimu milioni 150, ingawa alikuwa amecheza nalo miaka yote bila shida. Na kilichomsumbua baadaye kilikuwa nyayo, si bamba lile.

Vipengele vidogo navyo vina meno. Kipengele cha kujitoa, kinachomruhusu mchezaji kuuvunja mkataba kabla haujaisha, ni cha kukitazama kwa jicho kali, kwa sababu kinapendelea upande mmoja: akicheza vizuri anaondoka kutafuta zaidi, akicheza vibaya anabaki kwako. Alex Rodriguez alijitoa 2007, Yankees wakamrudisha kwa miaka kumi mingine na milioni 275 akiwa na miaka 32, na huo wa pili ndio uliowatesa. Kwa Soto, anaweza kujitoa baada ya misimu mitano, lakini Mets wana haki ya kumzuia kwa kumwongezea milioni 4 kwa kila mwaka kati ya kumi inayobaki.

Uhakika nao una mipaka. Ukifungiwa kwa dawa zilizokatazwa hulipwi. Robinson Canó alipoteza mshahara wa msimu mzima wa 2021. Mikataba pia huorodhesha michezo ya hatari. Januari 2004 Aaron Boone wa Yankees alichana goti akicheza mpira wa kikapu, mchezo uliokatazwa kwenye mkataba wake. Badala ya dola milioni 5.75 alilipwa za siku 30.

Sasa jambo ambalo watu wa nyumbani hawaambiwi. Mfanyakazi wa kawaida Marekani hana uhakika wowote wa namna hii. Karibu majimbo yote yanaruhusu mwajiri akuachishe siku yoyote bila kutoa sababu, na wengi wetu tunaofanya kazi maghalani na kwenye nyumba za wazee tunaishi hivyo. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu. Kwenye karatasi, karani wa Dar es Salaam amelindwa kuliko mimi na wewe huku.

Ulinzi wa wachezaji wa besiboli ulitoka kwenye chama chao. Hadi miaka ya 1970 klabu ilimmiliki mchezaji maisha. Curt Flood aligoma kuhamishwa mwaka 1969, akaenda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na kushindwa 1972. Mwishoni mwa 1975 msuluhishi Peter Seitz ndiye aliyewafungua Andy Messersmith na Dave McNally, na soko likazaliwa. Wachezaji wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani yenye pesa zaidi, bado wanaachwa katikati ya mkataba na sehemu isiyohakikishwa inayeyuka. Utajiri peke yake haukuleta uhakika.

Turudi kwetu. Miaka 15 si rahisi kwenye soka hata tungekuwa na pesa: kanuni za FIFA zinaweka kikomo cha miaka mitano, isipokuwa sheria ya nchi ikiruhusu zaidi, na mitatu kwa aliye chini ya miaka 18. Wala sishauri mitano. Klabu inayotegemea mdhamini na mapato ya mlangoni haiwezi kujua 2029 itakuwa na nini.

Tatizo la nyumbani ni kwamba mkataba tunauona kama kamba ya kumfunga mchezaji. Desemba 2022 Feisal Salum alipowaingizia Yanga shilingi milioni 112 akisema amevunja mkataba, nchi nzima ilijadili kama ana haki ya kuondoka. Kamati ya TFF ikaamua bado ni wa Yanga, na akahamia Azam katikati ya 2023. Mjadala ule ulikuwa mzuri, ila sijaona wa ukubwa ule kuhusu upande wa pili: beki akichana mshipa wa goti Novemba na mkataba unaisha Juni, nani analipia upasuaji, na mshahara wa miezi tisa ya kujiuguza unatoka wapi? Kwa mkataba mfupi, jibu mara nyingi ni familia.

Mtu anayesaini nyumbani angebana hapo, kabla hata ya dau la usajili. Kipengele kiseme kwamba aliyeumia mechini au mazoezini analipwa mshahara na matibabu hadi daktari aliyekubaliwa na pande zote mbili aseme amepona, kwa kikomo cha miezi 12, hata mkataba ukiisha katikati. Klabu inaweza kuibeba hiyo, hasa ikikata bima. Aulize pia kama jina lake limo kwenye michango ya NSSF na ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi. Kanuni za FIFA zinamruhusu asiyelipwa mishahara miwili kuvunja mkataba baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya siku 15. Mzawa mwenye mgogoro na klabu ya nyumbani huanzia TFF, na FIFA inawasikiliza wale ambao kesi yao inavuka mipaka. Hiyo ni sababu mojawapo ya wageni kulipwa kwanza klabu inapoogopa kufungiwa usajili. Kwa hiyo mzawa anahitaji maandishi kuliko mgeni. Mshahara upitie benki, dau lisilipwe mkononi, na nakala iliyosainiwa na pande zote akae nayo mwenyewe, isiwe picha kwenye simu ya wakala.