Kijana wa Sheli Aachwe na Kazi Yake

Juzi barazani hapa Malindi, jamaa mmoja aliyerudi kutoka Italia alikuwa akizisifu sheli za huko. Unashuka, unajitilia mafuta mwenyewe, na bei inakuwa chini kuliko ukitiliwa na mhudumu. Akasema na Kenya tufanye hivyo. Nilimpinga pale pale, na bado nampinga.

Mteja wa sheli zetu ni nani? Ni dereva wa bodaboda anayesema "tia ya mia", mafuta yasiyofika hata lita, akapeleka abiria Shela kisha akarudi kutia mia nyengine. Ni mvuvi na dumu lake la mashine ya boti, alfajiri, ana haraka ya kuwahi maji. Ni mama yangu, miaka sabini na tatu, ambaye hashuki garini kwa sababu ya magoti. Hawa wote anawahudumia kijana mmoja, noti mkononi na simu ya M-Pesa kifuani.

Halafu kuna hili la bei. EPRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei ya juu kila tarehe 14 ya mwezi, na sheli karibu zote nizijuazo huuza kwa kiwango hicho hicho. Nikijitilia mwenyewe, nani atanishushia shilingi? Faida itabaki kwa mwenye sheli, na kijana atarudi kijiweni.

Wala kujitilia si alama ya maendeleo. Jimbo la New Jersey, huko huko Marekani, limekataza kwa sheria tangu 1949. Japani iliruhusu 1998 tu. Afrika Kusini, yenye magari mengi kutushinda, inakataza hadi leo, na wanaotetea sheria hiyo husema wazi kwamba wanalinda ajira.

Najua wapo wanaopunja. Sheli moja iliwahi kunianzishia pampu juu ya hesabu ya mteja aliyenitangulia, nikalipia mafuta ya mwenzangu. Nilikasirika sana. Lakini wengi wao, kabla ya kubonyeza, hukuita: "Mama, angalia sufuri."

Wenye sheli wakiwa na pesa za kununua mashine mpya, waanze na kivuli na kiti. Vijana hawa wanasimama kutwa nzima, jua la kaskazi utosini, wakivuta harufu ya petroli.