Mkeka wangu hauna rangi nyekundu

Wageni wakifika kwangu hapa Ujiji, Kigoma, huuliza mambo mawili. La kwanza, mbona mkeka wa barazani una zambarau na kijani tu, hauna nyekundu hata chane moja ya jani. La pili, mbona upande huu umekaza na upande ule umelegea, kama vile umesukwa na watu wawili wasiosalimiana. La kwanza huwa nacheka tu. La pili huwaambia kweli: umesukwa na watu wawili, na wote ni mimi.

Miaka minne iliyopita niliondolewa titi la kushoto. Saratani. Naliandika neno hilo waziwazi kwa sababu mtaani kwetu bado watu hulizunguka kama shimo la choo, wanasema "ule ugonjwa", wanasema "yale mambo yake".

Siku hizi kila nikishika simu nakutana na mtu anayesema sanaa inatibu. Chora, imba, fuma, utapona. Mtu huyo nataka kubishana naye kwanza, kukubaliana naye baadaye.

Ubishi wenyewe ni huu. Uvimbe hauogopi mkeka. Mimi nilipougusa uvimbe wangu mara ya kwanza, ulikuwa kama punje ya choroko. Nikapoteza miezi mitano nikipaka majani niliyopewa na mtu aliyenihakikishia kuwa ni "jipu la ndani". Mwalimu mzima, mwenye cheti ukutani! Nilipokwenda hospitali choroko ilikuwa imekuwa ndimu. Kilichonitoa pale ni kisu, dripu za kila baada ya siku 21, halafu mionzi. Kwa hiyo mtu akikwambia sanaa inatibu, muulize inatibu nini. Akijibu "kila kitu", mwache aende zake, na wewe wahi hospitali.

Sasa tukubaliane.

Sisi ni watu wa mwisho wa reli. Mionzi ya saratani tunaifuata Mwanza au Dar es Salaam, na mimi nilipangiwa Dar, dripu kwanza, mionzi baadaye. Ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli ya kati, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914. Basi nilishindwa, mtikisiko wake na kidonda changu havikupatana. Nikachagua treni. Siku ya kuondoka shangazi yangu alikuja stesheni na mfuko wa salfeti umejaa chane za ukindu, zimechanwa tayari, zimechemshwa rangi, zimefungwa mafungu.

"Shikamoo shangazi. Hizi za nini?"

"Marahaba. Za kusuka."

"Shangazi, mimi mgonjwa."

"Ndiyo maana. Utakaa siku mbili kwenye behewa unaangalia nini? Kifo?"

Ndivyo alivyo. Ukili, ule utepe mrefu wa chane unaosukwa ndipo ushonwe mkeka, nilikuwa nimeuacha tangu darasa la sita, nilipoambiwa na mtu fulani kuwa kusuka ni kazi ya watu wasiosoma. Mpaka Uvinza, wauza chumvi walipokuja dirishani, vidole vilikuwa bado vinagombana. Kaliua vikakumbuka. Tabora, abiria wenzangu wakinunua asali, nilikuwa na pima moja na nusu. Na Saranda, pale ambapo treni nzima hushuka kula kuku, mimi sikushuka. Nilikuwa nimefika mahali pazuri pa mchoro, sikutaka kupapoteza. Nilisahau kwa karibu saa nzima kuwa nina ugonjwa. Tangu siku ya majibu hilo lilikuwa halijanitokea.

Mimi nafundisha Kiswahili. Miaka yote nimewafundisha watoto kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa, nikidhani ni sarufi. Nilipougua ndipo nilipoijua kauli ya kutendwa. Nilipimwa, nikachomwa, nikapasuliwa. Nikalazwa, nikaogeshwa, nikalishwa. Nikaombewa na watu wa dini zote mbili. Nikajadiliwa, tena mbele yangu, kama kiti kinachotafutiwa fundi. Hata mapenzi ya nyumbani yalikuja kwa kauli hiyo: wifi alininyang'anya ufagio, binti yangu akaninyang'anya mwiko, mume wangu, Mungu amweke, akaanza kunimenyea chungwa. "Pumzika." Nilipumzishwa mpaka nikabaki kama mfuko mtupu uliotundikwa ukutani.

Ukili ulinirudishia kauli ya kutenda. Nimesuka. Kitenzi kimoja tu kwa siku, lakini mtendaji ni mimi. Jioni naupima kwa mikono, naona nimeongeza shubiri mbili, na shubiri hizo hazikuwepo asubuhi. Hiyo ndiyo tiba ninayoijua mimi. Haikugusa uvimbe. Iligusa kile ambacho uvimbe ulikuwa umekila kabla hata ya kufika kwenye kwapa.

Habari ya rangi sasa. Dawa yangu ya awamu ya kwanza ilikuwa nyekundu. Waliopitia wanaijua: inaingia mshipani kama soda ya stroberi, na baadaye mkojo nao unatoka mwekundu, ukishtuka unadhani ni damu. Dozi nne. Baada ya ya pili nilifungua fungu la chane nyekundu, lile lililopendeza kuliko yote, nikatapika papo hapo. Nikampigia shangazi, nikiogopa atachukia, maana rangi ile aliichemsha mwenyewe mara mbili ikolee. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nirudishie, nitampa mtu mwenye arusi." Wiki mbili baadaye nikaletewa zambarau.

Awamu ya pili ilikuwa dawa nyingine, haina rangi, lakini inakula vidole. Ganzi. Ilianzia kwenye ncha, ikapanda. Kufunga kifungo cha blauzi ikawa kazi ya kuomba msaada. Kusuka ukili kunategemea kuhisi: kidole gumba kinajua chane imekaza kiasi gani kabla jicho halijaona. Mimi kidole gumba changu kilikuwa kama cha mtu mwingine, nilichoazimwa tu. Ikabidi nisuke kwa macho, polepole, na ukili ukatoka legelege, umepinda, mahali pengine nimeruka chane nzima. Huo ndio upande wa pili wa mkeka wanaouliza wageni.

Nilitaka kuufumua. Shangazi alikataa, wala si kwa hekima kubwa: alisema chane iliyokwisha kukunjwa ukiifumua inakatika, na ukindu siku hizi ni ghali.

Niseme na la hatari, maana wanaosifia kazi za mikono kwa wagonjwa hulisahau. Ukingo wa chane hukata kama wembe. Mtu aliye kwenye dripu za saratani kinga yake imeshuka, jeraha dogo laweza kumlaza. Na sisi tuliotolewa tezi za kwapa, mkono wa upande huo haupaswi kuchezewa: ukipata kidonda au uchafu unaweza kuvimba na usirudi. Muuguzi mmoja aliponikuta nasuka alinishika mkono wa kushoto, akaugeuzageuza, akasema, "Kusuka suka, dada. Kuchana achane mwingine. Na ukikatika, hata kidogo, unakuja kuniambia usiku huohuo." Ushauri huo una thamani kuliko mahubiri yote niliyosikia kuhusu matumaini. Hakusema "pumzika". Alitazama kazi yangu, akatoa sehemu yenye hatari, akaniachia iliyobaki.

Si wote waliofanana naye. Katika hospitali moja niliyopitia, sitaitaja, niliambiwa niondoe "takataka zile" kitandani. Usafi naujua, na ningeelezwa hivyo ningeelewa. Sikuelezwa. Televisheni ya ukutani ikaendelea kuonyesha tamthilia za watu wanaorogana, kutwa nzima, na hakuna aliyeona kuwa nayo ni taka. Mgonjwa wa dripu hukaa saa tano, saa sita kwenye kiti. Mgonjwa wa mionzi hupanga foleni kwa matibabu ya dakika chache, siku tano kwa wiki. Saa zote hizo tumepewa dari ya kuhesabia. Sidai wataalamu wa tiba ya sanaa wenye shahada, nchi yetu haina wauguzi wa kutosha, achilia mbali hao. Nadai kabati dogo: uzi wa kufumia, karatasi, penseli za rangi, vitambaa vya kudarizi. Na ruhusa.

Wazo lenyewe si geni. Jina hilo la tiba ya sanaa lilianzishwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, aliyekuwa ameugua kifua kikuu. Alikuwa amelazwa sanatoria, hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, kisha akawafundisha wagonjwa wenzake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, ikakubali kuwa sanaa ina nafasi katika kukinga maradhi na katika kumsaidia aliye mgonjwa. Shangazi hajaisoma.

Anayenigusa zaidi ni Henri Matisse, mchoraji Mfaransa. Mwaka 1941 alipasuliwa kwa saratani ya utumbo, akiwa na miaka zaidi ya 70, na baada ya hapo kusimama mbele ya turubai kukawa kazi ngumu. Akachukua mkasi. Wasaidizi wake walipaka karatasi rangi, yeye akazikata akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, wao wakazibandika ukutani kwa maelekezo yake. Aliishi miaka 13 zaidi, na kazi za mkasi ule ni miongoni mwa zile anazokumbukwa nazo leo. Hakujilazimisha kuwa yule wa zamani. Mwili ulibadilika, akabadili kifaa. Na ona, hata yeye kupaka rangi walimpakia wengine, kama mimi na kuchana.

Kibirizi, kwenye ufuko wanaposhusha dagaa, yupo fundi aliyekuwa akiandika majina kwenye maboti. Kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Akakaa mwaka mzima hataki hata kushuka ziwani. Nahodha mmoja, ambaye nadhani alimwonea huruma au alitaka bei ya chini, sijui, akamwambia amwandikie boti kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitoka kama zimelewa. Nahodha hakuzifuta. Sasa wapo wanaomwendea wakitaka "yale maandishi ya kulewa", maana boti lako unalitambua ungali mbali. Mguu wake bado anauburuta, na dawa za presha anakunywa kila siku.

Lakini kuna kosa nililofanya mwenyewe. Wodini Dar nilikuwa na jirani kutoka Lindi, mwanamke mcheshi, aliyeucheka ukili wangu kwa wembamba wake. Kwao, alisema, huo ni wa kuchezea watoto. Nikafurahi, nikamletea fungu la chane. Akakataa. Kesho yake nikamletea tena, nikaongeza na hotuba: itakusaidia, itakupa nguvu, usikate tamaa. Siku ya tatu akanigeukia akasema, "Mwalimu, mimi nimesuka tangu nina miaka saba, nimesomesha watoto wanne kwa mikeka. Sasa nataka kulala." Nilitahayari mpaka masikio yakawaka. Kwangu ukili ulikuwa kutenda, kwake kutenda kulikuwa kule kulala alikokuchagua mwenyewe, bila kuamriwa na mtu. Mimi nilikuwa nimegeuka kuwa mmoja wa wale wa "pumzika", nikigeuza neno tu.

Vilevile alikuja kijana mmoja mwenye kamera aliyesikia habari zangu. Alitaka tuuze "mikeka ya matumaini" kwa wageni, yeye apige picha, mimi nisimulie. Nikamuuliza sehemu ile legelege tutaifanya nini. Akasema tutaikata. Nikamkaribisha chai, akanywa, akaondoka.

Mkeka tuliushona mwezi mmoja kabla ya Ramadhani, mimi na shangazi, barazani, kwenye kivuli cha mwembe. Ukili mmoja mrefu huzungushwa ukishonwa ukingo kwa ukingo, kwa hiyo hauwezi kudanganya, kila kitu hubaki kwa mpangilio wake: huku Uvinza na Tabora, pale dozi ya kwanza, pale zambarau inapoanza ghafla, pale ganzi. Karibu na mwisho unaona vidole vinarudi. Havikurudi vyote, hadi leo sindano nikiidondosha naitafuta kwa macho. Faili langu la hospitali lina kurasa nyingi, na humo siwezi kujisoma. Hapa najisoma. Shangazi mwenyewe akija hukaa upande uliolegea, anadai hauumizi mifupa.

Mwezi ujao narudi Dar kwa uchunguzi wa kila mwaka, na mfuko wa salfeti umeshafika. Ndani ya zambarau kuna chane nyekundu tatu, na shangazi anaapa zimeingia kwa bahati mbaya. Mbili nimeshazisuka. Ya tatu bado naiangalia.