Fagio za Madaktari wa Delhi

Aprili 2006, Arjun Singh, aliyekuwa na dhamana ya elimu katika serikali ya India, alitangaza kwamba vyuo vya serikali kuu, pamoja na vile vya uhandisi vya IIT na chuo cha tiba cha AIIMS mjini Delhi, vitatenga asilimia 27 ya nafasi kwa wanafunzi wa tabaka za kuzaliwa zilizoachwa nyuma, wanaojulikana kama OBC. Dalit, watu wa chini kabisa katika ngazi ya tabaka ambao zamani waliitwa wasioguswa, walikwisha kutengewa asilimia 15, na jamii za Adivasi, yaani makabila ya wenyeji wa asili, asilimia 7.5. Mwezi uliofuata madaktari wanafunzi wakagoma. Baadhi yao waliingia barabarani na makoti yao meupe, wakashika fagio wakafagia lami. Wengine walikaa kando ya njia wakang'arisha viatu vya wapita njia. Ujumbe ulieleweka: mkitoa nafasi zetu, hizi ndizo kazi mnazotuachia.

Fagio zile ndizo zinazonifanya niandike. Sidhani waliozishika walikusudia kumtukana mtu. Lakini katika miji ya India anayefagia barabara alfajiri, au anayeshushwa kwenye shimo la maji taka bila kinga, mara nyingi mno ni Dalit, na baba yake na babu yake walikuwa humohumo. Sheria ya 1993 ilipiga marufuku kuajiri watu wa kuzoa vinyesi kwa mikono, ikaja nyingine kali zaidi 2013, na bado watu wanakufa kwa hewa ya sumu mashimoni. Vijana wa AIIMS waliiambia nchi kwamba ni aibu mtu mwenye akili kushika ufagio. Ni kweli wanaoushika hawana akili, au ni kwamba hakuna aliyewahi kuwapa mtihani? Swali hilo ndilo mfumo wa kutenga nafasi unalouliza, na siku ile lilibebwa mikononi na watu waliokuwa wakiupinga.

Hoja yao hata hivyo haifai kupuuzwa. Nafasi za AIIMS na IIT ni chache mno kwa idadi ya wanaozitaka, na kijana wa tabaka la juu ambaye baba yake ni karani tu, akakosa nafasi huku aliyepata alama pungufu akiingia, ana uchungu wa kweli. Mwaka 1990, Waziri Mkuu V. P. Singh alipotangaza kutekeleza mapendekezo ya Tume ya Mandal, ya kuwatengea OBC asilimia 27 ya ajira serikalini, mwanafunzi wa Delhi, Rajiv Goswami, alijichoma moto. Alinusurika akiwa na majeraha makubwa, akafariki 2004. Vijana wengine walimfuata, na baadhi walikufa. Wakati huo ajira ya serikali ilikuwa karibu njia pekee ya kijana wa kawaida kujihakikishia maisha.

Lakini tuutazame ule wasiwasi wa kuporwa nafasi, kwa hesabu. Sheria iliyopitishwa 2006 ilitaka vyuo viongeze nafasi, ili zile zilizo wazi kwa wote zisipungue kwa idadi. Chukua chuo chenye nafasi 100. Ukiondoa za Dalit na Adivasi, zilizokuwa wazi ni kama 77. Ili OBC wapate asilimia 27 na hizo 77 zibaki palepale, chuo kipanuke hadi nafasi 154 hivi. Ndiyo maana ya lile ongezeko la asilimia 54 lililozungumzwa sana wakati ule. Unaweza kulalamika kwamba walimu na maabara havikuongezeka kwa kasi hiyo, na ungekuwa na haki. Kusema mtoto wako amenyang'anywa kiti ni jambo jingine kabisa.

Na kama ni alama tu zinazotetewa, basi mgomo ungekuwa na sababu nyingi nyingine. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliruhusu vyuo binafsi kuweka hadi asilimia 15 ya nafasi kwa ajili ya Wahindi waishio ng'ambo, kwa ada ya juu. Mwaka 2019 Bunge lilibadili katiba na kutenga asilimia 10 kwa watu wa tabaka za juu wasio na uwezo, familia zenye kipato cha chini ya rupia 800,000 kwa mwaka. Katika baraza la chini kura zilikuwa 323 dhidi ya 3. Dalit fukara hahesabiwi katika fungu hilo. Kikomo cha asilimia 50 kwa jumla ya nafasi zinazotengwa, kilichowekwa na mahakama 1992, kikavukwa, na 2022 majaji watatu kati ya watano wakaridhia. Sikuona makoti meupe yakifagia barabara kwa ajili ya hilo.

Anayeingia kwa nafasi ya kutengwa naye hapokelewi kwa mikono miwili. Kamati ya Sukhadeo Thorat iliyochunguza AIIMS ilieleza 2007 jinsi wanafunzi wa Dalit na Adivasi walivyotengwa mabwenini na madarasani. Chuo kilikana. Januari 2016 Rohith Vemula, mwanafunzi Dalit wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Hyderabad, alijiua baada ya kufukuzwa bwenini na kusimamishiwa fedha za kujikimu, akaacha barua iliyosema kuzaliwa kwake ndiko ajali iliyomuua.

Kasoro kubwa ya mfumo huu naiona kwingine, nayo inasemwa zaidi na wanaoutetea. Takwimu za Tume ya Rohini, iliyoundwa 2017 kuchunguza mgawanyo wa nafasi ndani ya OBC, zilionyesha kwamba asilimia 97 ya ajira na nafasi za OBC zilichukuliwa na robo tu ya jamii zake. Agosti 2024 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, iliruhusu majimbo kugawa upya fungu la Dalit ili waliosahauliwa zaidi wafikiwe, zikiwamo jamii ambazo hadi leo zinaishi kwa kufagia.