Koti la Damu ya Mzee

Mtu mzima akipanda baiskeli Nairobi, watu hawamtazami usoni. Wanatazama nguo, kisha wanamgawia kazi. Ukivaa suti na kubana begi kwenye kerieri, wewe ni mhubiri. Ukivaa koti la mvua na gambuti, wewe ni soja unatoka zamu ya usiku. Fulana ya rifleta ya manjano ndiyo mbaya kuliko zote: madereva wa Jogoo Road wanadhani wewe ni kanjo wa maegesho, na badala ya kukuepuka wanakusogelea. Mimi ni mhasibu, na vazi la baiskeli linalosema "huyu ni mhasibu" bado sijaliona hata soko la mitumba la Gikomba.

Naishi Donholm, kazi iko Upper Hill. Ni kama kilomita 10, na karibu zote ni tambarare: Jogoo Road, City Stadium, Landhies Road, Muthurwa, Haile Selassie. Balaa liko mwishoni. Reli ilipofika hapa mwaka 1899, stesheni iliwekwa pale bondeni palipo sawasawa, na wakubwa wa reli wakajengewa nyumba kule juu kilimani, kwenye upepo mzuri. Walikuwa na farasi. Mimi nina magoti. Unaendesha safari nzima ukiwa mkavu, unajiona mjanja, kisha dakika chache kabla ya kusalimiana na bosi ndipo unapandishwa kilima, tena katika mji ulio mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa yenyewe inatolewa kwa kipimo. Jasho linatoka mpaka masikioni.

Julai ndiyo haisemeki. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna ukungu na manyunyu, vidole havijui breki iko wapi. Vaa sweta, ukifika Makadara unatokota. Ivue, kabla ya Bahati kifua kimeganda. Shati la pamba linakunywa jasho na kukataa katakata kukauka, saa nne bado limekung'ang'ania mgongoni. La nailoni linakauka upesi, ila linatunza harufu kwa uaminifu mkubwa.

Halafu kuna suala la mguu wa kulia. Cheni iko upande huo, kwa hiyo mguu huo ndio unaoliwa. Wazee wa baiskeli nyeusi walishalitatua zamani: ama unachomeka suruali ndani ya soksi, ama unaifunga kwa ukanda wa tyubu kuukuu. Nilianza na soksi. Ofisini nilikuwa nafika suruali imekunjamana mguu mmoja tu, na katika kikao cha Jumatatu watu wanauangalia mguu huo kuliko hesabu zangu.

Nikaenda Gikomba, nikanunua suruali ya kubana ya waendesha baiskeli, nyeusi, inang'aa, pajani imeandikwa maneno marefu ya Kijerumani. Muuzaji aliapa kwamba ni kamera, yaani mtumba wa daraja la kwanza, bado moto kutoka kwa belo, na akanibonyezea kwa kidole gumba ile sponji iliyoshonwa makalioni. "Mkubwa, hii hata ukipiga bampu unasinzia." Sponji ni kweli inasaidia. Lakini ukishuka unatembea umetanua kama mtoto mwenye nepi. Siku ya kwanza mama mboga wa pale getini aliinamia nyanya zake, akaniuliza bila kuinua macho, "Jirani, nyumbani kuko sawa? Suruali zimeenda wapi?" Mama watoto naye alisema jambo moja tu: "Hiyo ukiifua, ianike ndani."

Kazini soja wa mlangoni alinizuia kwa adabu. "Wa kuleta chakula wanapitia nyuma."

Mwishowe nikapata utaratibu. Napanda na nguo zozote, suti naiviringisha kwenye begi, nikifika naingia choo cha ghorofa yetu, najipangusa, navaa, natoka mhasibu. Ulifanya kazi vizuri mpaka usiku ule msimamizi wa jengo alipotuma ujumbe: mgao wa maji umetufikia, tangi limekauka, vyoo vyote vitafungwa mpaka lori la maji lije. Na kesho yake saa tatu ndipo wageni wakubwa walikuwa wanakuja, nami ndiye wa kuwaeleza hesabu.

"Panda matatu kama watu," mama watoto akasema.

Asubuhi nilijaribu. Manyunyu yalikuwa yamekwisha kupandisha nauli mara mbili, na foleni ya magari ilikuwa imesimama toka mzunguko wa Donholm. Nikarudi nyumbani, nikavaa ile ya Gikomba ndani kwa ajili ya baridi, suti juu yake, tai, ukanda wa tyubu kwenye mguu wa kulia, nikaondoka. Niliendesha taratibu, sikutoka jasho. Kufika Landhies Road nilikuwa bado ninanukia sabuni.

Karibu na Muthurwa mikokoteni ilikuwa imejaza pembeni, nikajipenyeza kati ya matatu mbili. Hapo ukanda wa tyubu ukakatika. Nilisikia tu "pwa!" halafu mguu ukavutwa chini. Sasa, mguu wa kulia ukishikwa na cheni huwezi kuuweka chini, na baiskeli haijui kusimama yenyewe. Nikaanza kuanguka, polepole kabisa, kwa upande wa matatu iliyokuwa kulia kwangu. Makanga aliyekuwa ananing'inia mlangoni akanidaka kola.

"Tulia, mkubwa. Nimekushika."

Suruali ikiliwa na cheni dawa ni moja: unazungusha pedeli kinyumenyume na kitambaa kinatoka polepole. Nilijua hilo, na ndilo nililoanza kufanya. Makanga naye, kwa roho safi, akaruka chini, akainua gurudumu la nyuma, akashika pedeli na kuizungusha kwa nguvu mbele. Cheni ikameza suruali mpaka gotini. Akaona kosa lake, akavuta. Ikapasuka kutoka chini hadi juu ya paja, sauti yake ikasikika mpaka kwenye viti vya nyuma.

Nairobi ikiwa kwenye foleni ina muda wa kutosha. Madirisha yote yalifunguka. Mmoja akashauri ikatwe kwa kisu, mwingine akataka kujua nilinunua wapi. Abiria mmoja alisoma kwa sauti maneno ya Kijerumani pajani pangu, herufi moja moja. Nyanya aliyekaa dirishani akafoka, "Si mumfunike mtoto wa wenyewe!"

Makanga akavua koti lake la dasti. Ndani alikuwa na shati la rangi ileile, kwa hiyo polisi wasingekuwa na neno naye. Tangu sheria za matatu za waziri Michuki zianze mwaka 2004, makanga ni damu ya mzee na dereva ni bluu, hata mtoto anajua.

"Vaa hii, inafika magotini. Soo mbili za kukodi. Jioni unirudishie hapa hapa."

Nililipa. Lilifunika kila kitu, na likanipa kazi mpya papo hapo.

Nilikuwa nakokota baiskeli kuelekea Railways. Mama mmoja akanisimamisha kwa gunia la sukuma wiki, akaliegemeza kifuani pangu. "Makanga, Buru ngapi?"

"Mama, mimi si makanga."

"Mnasema hivyo mkitaka kupandisha."

Kijana mwingine aliniwekea noti ya hamsini kiganjani na kunitangulia mbio kwenda kutafuta gari ambalo halipo. Nikamfukuza na baiskeli yangu nikimrudishia, na watu wakasimama kutazama, maana makanga anayemkimbiza abiria ili amrudishie pesa hajawahi kuonekana mjini. Hilo ndilo lililomwita afisa wa trafiki.

"Beji yako?"

"Sina, afande. Mimi ni mhasibu."

"Gari liko wapi?"

Nikamwonyesha baiskeli. Akaizunguka, akaitazama tairi, akaitazama kerieri. "Na hili linabeba wangapi?"

Kilima nilikipanda nikiwa nimevaa koti la dasti juu ya koti la suti, juu ya sweta, juu ya shati. Yale niliyokuwa nimeyakwepa tangu Donholm yalinipata yote pamoja. Soja wa mlangoni, yule yule, aliniambia hapa hakuna steji. Nikatoa kitambulisho cha kazi. Akakilinganisha na uso wangu, akalinganisha tena, akanipisha huku akitikisa kichwa.

Saa tatu ilikuwa imegonga. Choo kimefungwa. Nikaingia moja kwa moja chumba cha mkutano, nikasalimu, nikakaa mgongo ukutani, nikiwa nimefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Sisi ni wakala wa bima. Wageni walikuwa viongozi wa sacco moja ya matatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wamekuja kuhusu bima ya magari yao. Hilo nililijua toka wiki iliyotangulia. Ambalo sikulijua, kwa sababu macho hayako kisogoni, ni maandishi meupe yaliyokuwa mgongoni mwa koti.

Bosi akaniambia, "Hebu waandikie pale ubaoni."

Nikainuka, nikageuka. Niliandika jumla ya magari. Nilipoanza kuandika malipo ya mwezi, nikagundua kwamba nyuma yangu hakuna hata anayepumua.

"Wewe," mwenyekiti akasema. "Wewe ni wa gari gani?"

"Huyo ni mhasibu wetu, mzee," bosi akasema.

"Mhasibu wenu nimemwelewa. Koti ni langu. Saa tatu asubuhi, abiria wamejaa barabarani, koti langu linafanya nini Upper Hill?"

Nikasema nimeazimwa na msamaria mwema. Akataka kujua msamaria huyo anafanya ruti gani. Sikumtaja. Mweka hazina, mama mtu mzima mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, akafungua daftari na kuniuliza, kwa upole kabisa, hesabu ya jana iko wapi. Nadhani hata sasa hajaamini kwamba sikuwa nayo.

Ndipo mwenyekiti akatoa hoja ambayo, kama mtu wa bima, siwezi kuipinga. Mtu aliyevaa koti la sacco akimgonga mtu, akimtukana mtu, akidondosha mtoto wa mtu, anayeshtakiwa ni sacco. Je, mtu huyu yumo kwenye orodha ya wafanyakazi wetu? Nikamtazama bosi wangu aniokoe. Bosi amekaa kwenye bima tangu ujana wake. Alifikiri, akakuna kidevu, akakubali kwamba kweli, hiyo ni hatari ambayo haijakatiwa bima.

"Basi alivue," mwenyekiti akasema.

Nikafungua kifungo kimoja kimoja. Juu nilikuwa sawa: tai imenyooka, suti imetulia. Chini, mguu wa kushoto wa suruali ulikuwa safi na umepigwa pasi. Wa kulia ulikuwa wazi kuanzia pajani, nyeusi inang'aa, na Kijerumani chake chote.

Mama mweka hazina akavaa miwani. "Kijana, mguu mmoja uko kazini, mwingine uko mashindanoni."

Hesabu nilizieleza nikiwa hivyo hivyo, nimesimama upande mmoja wa ubao. Bima walichukua, baada ya kupunguziwa. Koti likakunjwa vizuri na kutiwa kwenye mkoba wa katibu.

Jioni nikashuka Muthurwa, suruali nimeibana kwa pini za karatasi. Makanga alikuwa pale akiita abiria. Aliponiona mikono mitupu akanyamaza katikati ya neno.

"Koti?"

"Liko kwa mwenyekiti wako."

Akakaa kwenye ukingo wa barabara. "Ulinitaja?"

"Sikukutaja."

"Namba yangu iko ndani ya kola."

Simu ilikuwa imeshapigwa. Kulikuwa na faini, na koti jipya ni shilingi 1,200 zake mwenyewe. Nilikuwa na 300. Tukavutana pale mpaka dereva akaanza kupiga honi, kisha tukaafikiana: koti langu la suti libaki kwake kama dhamana mpaka nilete pesa. Akalivaa juu ya lile shati. Lilimkaa vizuri kuliko linavyonikaa mimi. Akajitazama kwenye kioo cha pembeni, akageuka na kuniomba na tai.

Wiki iliyofuata nilipelekea zile 1,200. Alikuwa mlangoni, tai imefungwa fundo kubwa, anakusanya nauli, na hakuna abiria aliyekuwa akibishana naye kuhusu chenji, kwa sababu wote walidhani ni mwenye gari ameamua kufuatilia mali yake. Pesa zangu alizisukuma kando. Akauliza tu kama suruali ya ile suti imeshashonwa, aje aichukue.