Sili ya Shokapu Haifi Yenyewe

Ndani ya mwaka mmoja nilibadilisha sili za shokapu za mbele za pikipiki yangu mara tatu, zote kwa mafundi wa kijiweni hapa Morogoro, na mara zote zilianza kuvuja tena kabla hata sijaisahau hela niliyotoa. Mara ya nne nikafungua mwenyewe, uani, juu ya gunia.

Sina ugomvi na fundi. Fundi analipwa kwa kazi, halipwi kwa saa, na sisi wateja tunamsimamia kichwani huku tunachezea simu: "Vipi, bado?" Kwa hiyo anang'oa sili kwa bisibisi, anagongea mpya kwa nyundo, anamimina oili kwa kukadiria, unaondoka. Anabadilisha sili kwa sababu ndiyo inayovuja. Lakini sili ni mpira tu uliokumbatia chuma cha shokapu ili oili isitoke. Chuma kikiwa na kutu, kila ukipita kwenye tuta kinapanda na kushuka, kinausaga mdomo wa mpira. Hata uweke sili ya bei gani, itaisha.

Nilipofuta matope kwenye chuma cha kulia na kupitisha ukucha polepole, ukanasa mahali patatu. Vishimo vya kutu vidogo kama punje za ulezi, palepale sili inapotembea. Mafundi watatu hawakuviona, na mimi niliyekuwa nikiiosha pikipiki hiyo kila Jumapili sikuviona pia. Vishimo havitoki kwa msasa, ila msasa laini uliolowa oili unaondoa kingo zake zinazokata.

Watu wanaogopa shokapu kama vile ndani mna kompyuta. Mna springi, bomba jembamba lenye matundu, na oili. Springi inabeba uzito, oili inajipenyeza kwenye yale matundu kwa shida ili springi isiruke ovyo. BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki zenye shokapu za namna hii mwaka 1935, na mpaka leo pikipiki nyingi za barabarani kwetu zinatembelea wazo lilelile.

Cha kuogopa ni kifuniko cha juu, kwa sababu springi imebanwa chini yake. Kilegeze wakati mguu wa shokapu bado umeshikwa na usukani, usikimalize. Kisha, kabla hujapunguza nguvu ya springi, legeza ile bolti ya chini inayofunguliwa kwa spana ya L. Ukichelewa, bomba la ndani litazunguka pamoja na bolti na utashinda hapo mpaka magharibi. Mimi nilishinda. Mwisho kabisa ndipo ukimalizie kifuniko cha juu, taratibu, uso ukiwa pembeni.

Oili iliyotoka ilikuwa ya kijivu, inanuka kama samaki wa juzi. Ule ukijivu ni chuma kilichosagika. Na haikuwa oili ya shokapu. Mtu alikuwa ameweka ya injini, 20W-50, nzito mno kwa kazi hiyo, ndiyo maana pikipiki ilikuwa ikizama kwenye shimo na kuchelewa kuinuka. Nikanunua ya shokapu, 10W, kama kitabu cha pikipiki kilivyoandika. Kipimo nacho si cha kubahatisha: ukizidisha, hewa iliyobaki juu inakosa nafasi, presha inapanda, na oili inatafuta mlango. Mlango wenyewe ni sili. Nilipimia kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, maana ina alama za mililita. Mama watoto hajafurahi.

Sili mpya haipendi nyundo. Nililoweka mdomo wake kwa oili, nikafunika ncha ya chuma kwa nailoni ya mkate ili isikwaruzwe inapopita (rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini mkate bado unakuja na nailoni yake), nikaisukuma kwa kugongagonga taratibu kipande cha bomba la maji la plastiki, sili ya zamani ikiwa katikati kama mto. Inaposhuka hadi mwisho, mlio wa kugonga unabadilika, unausikia wazi.

Kazi ilinichukua Jumamosi nzima, na kwa hesabu ya hela sidhani kama niliokoa kitu cha maana. Nilichopata ni muda wa kutazama, ambao kijiweni haununuliki kwa sababu hatuko tayari kuusubiri. Siku hizi nikienda kwa fundi namwachia pikipiki asubuhi, namwambia nitaifuata jioni, na namwomba aniwekee oili ya zamani kwenye chupa niione.

Chuma cha kushoto ni kikavu mpaka leo. Cha kulia, asubuhi hii nimekifuta kwa kitambaa cheupe kikaacha alama nyembamba ya oili, pale penye shimo kubwa. Nimeanza kuulizia chuma kipya Kariakoo.