Acheni kupandisha nguvu ya Wi-Fi kwenye kumbi na viwanja

Wiki iliyopita nilimsikia msimamizi wa ukumbi mmoja mkubwa hapa Dar akijisifu kwamba wamefunga Wi-Fi yenye nguvu, inayofika hadi maegesho. Muda huohuo, mle ndani, mamia ya watu walikuwa wanahangaika. Simu inaonyesha mistari yote imejaa, lakini ujumbe wa WhatsApp hautoki, na dada wa mapokezi anaandika majina ya wageni kwa kalamu kwa sababu mfumo wa usajili umeganda. Niliondoka nimekasirika, na hasira haijaisha, maana kile anachojisifia ndicho kilichoua mtandao wake.

Kwenye Wi-Fi, chaneli moja, yaani njia moja ya mawimbi ya redio, hubeba mzungumzaji mmoja kwa wakati. Simu husikiliza kabla ya kutuma. Ikisikia kifaa kingine kwenye chaneli ileile, inasubiri. Sasa funga akses pointi nane, yaani vile vifaa vinavyorusha Wi-Fi, zote uzipandishe nguvu hadi mwisho: zitasikiana ukumbi mzima. Umelipia nane, ila zinapokezana hewa kana kwamba una mbili tatu. Kwenye 2.4 GHz, mojawapo ya masafa ya Wi-Fi, ndiyo balaa, kwa sababu chaneli zisizoingiliana ni 3 tu: 1, 6 na 11. Ya nne haipo, hata ulipe nini.

Tena nguvu hiyo ni ya upande mmoja. Akses pointi inaweza kupaza sauti, simu haiwezi; redio yake ni ndogo na betri ni ndogo. Ndiyo maana mistari inajaa huku hakuna kinachokwenda: simu inaisikia akses pointi vizuri, lakini yenyewe haisikiki kutoka mkononi mwa mtu aliyekaa safu za nyuma. Inarudia kutuma, inarudia tena, na kila kurudia kunakula muda wa hewa wa wengine. Harusini meza hamsini zinaweza kuzungumza kwa pamoja bila kubughudhiana, ilimradi kila meza iseme kwa sauti ya chini. Akitokea mmoja wa kupiga kelele, wote wanabaki kumsikiliza yeye.

Dawa yake inajulikana: shusha nguvu, sogeza akses pointi karibu na watu, ziwe nyingi na kila moja ihudumie eneo dogo. Levi's Stadium kule Santa Clara, California, ulipofunguliwa mwaka 2014 ulikuwa na akses pointi takriban 1,200 kwa viti kama 68,500, na nyingi ziliwekwa chini ya viti. Chini ya viti! Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji hufyonza mawimbi haya. Wahandisi wale waliichukua kero hiyo wakaifanya ukuta: watu waliokaa wanayazuia mawimbi yasisambae, hivyo chaneli ileile inatumika tena safu kadhaa mbele. Kila nikilifikiria hilo navutiwa upya. Kwetu, fundi anapima kasi saa nne asubuhi, ukumbi mtupu, anapiga picha ya matokeo, analipwa. Watu wakishaingia, kipimo kile hakina thamani tena.

Kuna pia msururu wa majina ya mtandao: Wageni, VIP, Waandishi, Ofisi, Jikoni. Kila jina linajitangaza karibu mara 10 kwa sekunde, kwa kasi ya chini kabisa, kabla mtu hajatuma hata herufi. Mawili yanatosha. Zimeni kasi za kizamani za megabiti 1 na 2. Kwenye masafa mengine ya Wi-Fi, ya 5 GHz, bakini na chaneli za upana wa 20 MHz, msitamani 80: zikiwa nyembamba zinapatikana nyingi. Na anwani je, ile namba ambayo kila simu lazima ipewe ili itumie mtandao? Ruta nyingi zikiachwa zilivyotoka dukani hazigawi zaidi ya anwani 254, halafu mnaalika watu elfu moja.

Wapo wanaosema tuachane na Wi-Fi, minara ya simu itabeba. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba 4G ina nidhamu zaidi kwenye msongamano, kwa kuwa mnara ndio unaopangia kila simu zamu yake. Lakini masafa yake nayo yana kikomo, na aliyewahi kulipia maji kwa simu wakati wa mapumziko ya mechi kubwa analijua hilo.

Kinachoniuma zaidi ni viwanja vipya. AFCON 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, na kwa ajili yake kuna uwanja wa Arusha wa watu 30,000 na wa Talanta, Nairobi, wa 60,000. Kebo ya kupita chini ya viti hupangwa kabla ya zege kumwagwa. Baada ya hapo ni kukata na kubomoa. Mhandisi wa mtandao anastahili kiti mezani tangu mchoro wa kwanza, pamoja na wa umeme na wa maji, na hili nitalisema popote nitakaposikilizwa. Nanyi wenye kumbi zilizokwisha kujengwa, anzeni na lisilogharimu hata shilingi: ingieni kwenye mipangilio, shusheni nguvu, kisha pimeni siku ambayo viti vimejaa.