Gesi ya friji haiishi kama ya mtungi wa jikoni

Nianze na hili maana ndo limenikaa rohoni muda mrefu: friji haitumii gesi. Yani ile gesi iliyomo kwenye mabomba haiungui, haipungui kwa matumizi kama mtungi wa kupikia, inazunguka tu, inaenda inarudi, miaka kumi, miaka kumi na tano, ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Ikipungua maana yake kuna sehemu inavuja, na kama inavuja halafu unaongezewa bila kuzibwa, umemwaga hela. Sasa kwa nini kila friji ikikataa kupooza neno la kwanza kutoka mdomoni mwa fundi ni "gesi imeisha"?

Mimi ni fundi friji hapa Dar, na miaka hii ya karibuni kazi zangu nyingi ni za friji za kujengea, zile zinazoingizwa ndani ya makabati ya jiko na mlango unavalishwa mbao mpaka mgeni hajui kama pale kuna friji. Masaki, Oysterbay, Mbezi Beach huko zipo nyingi tu. Ni mashine za bei kubwa sana, na ndo maana inaniuma zaidi ninapokuta imetobolewa bomba bila sababu, maana ikishatobolewa hairudi kuwa ile ile tena.

Mwezi wa pili mwaka huu, joto lile mnalijua, mama mmoja wa Mbezi aliniita. Mafundi wawili walishapita, wa kwanza kasema gesi, wa pili kasema kompresa, ile mota inayosukuma gesi, imekufa na kampa bei ambayo mama alikaa chini. Nimefika, shikamoo mama, marahaba baba, pita uone mwenyewe. Nikamwomba kwanza niongee na dada wa kazi, kwa sababu anayefungua friji mara hamsini kwa siku ni yeye, mwenye nyumba anajua tu kwamba maziwa yameharibika. Dada akaniambia, "Fundi, hii inaunguruma usiku kucha haizimi, na hapo juu pamoto, ukiweka mkono hapakaliki." Hapo jibu lilishapatikana nusu. Kompresa iliyokufa haiungurumi usiku kucha jamani.

Nikafungua grili ya juu. Friji nyingi za kujengea za Kimarekani, mfano Sub-Zero ambao wapo Madison, Wisconsin tangu 1945, zile modeli zao zilizozoeleka kompresa na kondensa (mabomba yenye mapezi yanayomwaga joto nje) vinakaa juu nyuma ya grili, wakati za Ulaya mara nyingi mashine iko chini nyuma na hewa inaingilia kwenye kibao cha chini cha kabati. Kondensa ya yule mama huwezi kuona mapezi yake, vumbi limeshikana na mvuke wa mafuta ya kukaangia limekuwa kama blanketi. Nikatumia brashi laini na mashine ya kufyonza vumbi, karibu saa nzima, nikarudisha grili. Nikaacha kipimajoto ndani ya glasi ya maji huko kwenye friji, nikamwambia asisome leo, asome kesho. Kesho yake kanitumia picha, nyuzi 4, na friza iko 18 chini ya sifuri.

Watu wanadhani friji inatengeneza ubaridi. Hapana, friji inahamisha joto, inalitoa kwenye chakula na kulimwaga nje kupitia kondensa, ukiziba hapo pa kumwagia joto litakaa wapi? Linabaki humo humo, kompresa inafanya kazi bila kupumzika, mwisho inachoka kweli na hapo sasa fundi wa kompresa anakuwa amesema kweli kwa kuchelewa.

Na kwenye friji za kujengea kuna mtu mwingine anayeua mashine bila kujua, seremala. Anataka kabati lipendeze, anaziba kila uwazi, hajui kwamba watengenezaji wengi wa Ulaya wanataka uwazi wa angalau sentimita za mraba 200 chini wa kuingiza hewa na juu hivyo hivyo wa kuitoa. Ukinunua friji ya hivi, michoro ya kufungia mpe seremala KABLA hajakata mbao, msikae mnabishana baadaye. Alafu angalia ile stika ya ndani, kuna herufi za daraja la hali ya hewa, N inamaanisha imeundwa kwa chumba cha nyuzi 16 mpaka 32, ST mpaka 38, T mpaka 43. Jiko la Dar lenye tanuri pembeni linapita 32 bila shida yoyote, sasa mtu analeta friji ya N kutoka nje kisa ilikuwa kwenye punguzo, kila kiangazi analia.

Sasa turudi kwenye gesi, maana kuna wakati kweli inavuja na sisemi haitokei. Ila inajulikana kwa kuangalia, si kwa kukisia. Fungua kifuniko cha nyuma ndani ya friza uione ivapureta yenyewe, yale mabomba yenye mapezi yanayopooza ndani. Barafu ikiwa imeshika kidogo tu mwanzoni pale gesi inapoingia na sehemu nyingine yote kavu, hapo ndo ushuku gesi imepungua, au kapilari, kile kibomba chembamba kinachopitisha gesi, imeziba. Lakini ukikuta barafu imejaa kote, nene, imefunika mapezi mpaka feni inagonga, hiyo gesi ipo ya kutosha kabisa, tatizo ni kuyeyusha: hita imekatika, au sensa inadanganya, au bodi haitumi umeme wa kuyeyusha. Hita unaipima kwa mita dakika mbili tu. Na maji yakituama chini ya droo za mboga mara nyingi ni kitundu cha kutolea maji kimeziba, maji ya vuguvugu yanatosha. Barafu imejaa kote halafu mtu anaunga geji ya kupimia presha aongeze gesi, hapo nashindwa hata kuongea.

Halafu hizi mpya nyingi zinatumia R600a. Ni gesi inayowaka, kiasi chake ni kidogo sana, mara nyingi hakifiki hata gramu 100, kimeandikwa kwenye kibati na kinapimwa kwa mizani, sio kwa kusikiliza sauti. Kinachowapoteza vijana wetu ni kwamba upande wa kuvuta wa R600a friza ikiwa kazini mara nyingi unasoma chini ya sifuri kwenye geji, kawaida kabisa, ndo tabia yake. Kijana aliyezoea R134a, aina nyingine ya gesi ya friji, akiona sindano imeshuka chini ya sifuri anasema umeona mama, imeisha. Anajaza R134a kwenye mfumo wa R600a, na pale alipotoboa hewa ya nje inaanza kunyonywa kuingia ndani kidogo kidogo. Mwingine anawasha tochi achomee bila kuitoa gesi kwanza. Nawaombeni vijana, hiyo ni gesi ya ukoo mmoja na ya mtungi wa kupikia.

Raba ya mlango wengi wanajua, unabana noti unafunga mlango, ikitoka kirahisi raba imelegea. Ila kwenye za kujengea angalia na ule ubao uliovalishwa mlango, ukiwa mzito au umevimba kwa unyevu wa bahari unauvuta mlango chini, raba nzima lakini haikai. Hapo dawa ni bawaba, usinunue raba mpya.

Na wale walioleta friji za Marekani kwenye kontena: transfoma inashusha volti kutoka 230 kwenda 115 lakini hezi, yani mapigo ya umeme kwa sekunde, habadilishi mtu, kompresa ya kawaida iliyotengenezwa kwa hezi 60 huku inakuta 50, inazunguka pungufu kama asilimia 17 na mota inapata joto zaidi. Haifi siku hiyo hiyo. Ila ukiniuliza kwa nini haipoozi kama ilivyokuwa kule, jibu ndo hilo, na gesi haihusiki.

Lakini lawama sio za mafundi peke yao, nitasema hata kama wateja wangu wanasoma. Fundi akikaa saa nzima anasafisha kondensa, friji ikapona, akataja hela yake anaambiwa "si umefuta vumbi tu?" anapewa nauli. Wiki ijayo akienda nyumba nyingine akasema gesi, analipwa siku hiyo hiyo bila maswali na mteja anamshukuru. Mmemfundisha nini hapo? Mimi siku hizi nasema kwenye simu kabisa, kupima ni hela, nikipata tatizo au nisipolipata, wengine wanakata simu na sawa, waliobaki hawajawahi kunisikia nataja gesi kabla sijaiona ivapureta kwa macho.

Yule mama wa Mbezi alilipa bila kubishana. Nilimwambia kondensa isafishwe kila miezi sita, nikamwonyesha dada jinsi ya kutoa grili friji ikiwa imezimwa. Juzi dada kanipigia mwenyewe, brashi iko mkononi tayari, anauliza apige kukatisha mapezi au kuyafuata. Nikamwambia yafuate, juu kwenda chini, taratibu yasipinde.